Asiyetajwa Mezani

Mama Maswali alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kusema nimechoka, ukalala, asubuhi ukaamka mzima kabisa. Huu ulikuwa uchovu uliohamia mwilini, ukafungua mizigo yake na kukaa. Ukimuuliza alianza kuchoka lini, angekuangalia tu, kwa sababu hata kukumbuka ni kazi.

Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kufulia, mahali ambapo hoteli na zahanati zilileta mashuka yao yakiwa na kila uchafu ambao binadamu anaweza kuuacha kitandani. Mashuka yalifuliwa, yakapitishwa kwenye mashine kubwa ya pasi yenye mapipa ya moto yanayozunguka, na yakitoka upande wa pili yanamkuta yeye amesimama, anayasubiri. Kazi yake ni kukunja. Na shuka la hoteli, kwa mtu asiyejua, halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili, kila mmoja na pembe zake, mnavuta, mnakutana, mnaachana, mnakutana tena, hivyo hivyo kutwa nzima, mpaka mikono inaendelea kukunja hata ukiwa umekaa chooni.

Mwenzake wa kukunja alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Sauti, kwa kuwa mashine zote zingenguruma na bado ungemsikia. Huyo Sauti alikuwa hamkopeshi mtu maneno. Kila asubuhi alimpokea mwenzake kwa swali lile lile, kwamba leo umeuleta mwili, roho umeiacha nyumba gani. Mama Maswali hucheka kidogo, anashika pembe zake, siku inaanza.

Sasa, nyumbani kwake kulikuwa na desturi. Haikuwa yake, tuseme ukweli. Ilikuwa ya mama mkwe wake, Bibi, aliyeishi nao tangu mtoto wa kwanza alipozaliwa. Jioni, kabla ya mtu kugusa chakula, kila aliyekaa mezani afumbe macho na amshukuru Mungu kwa kitu kimoja alichokiona siku hiyo. Kimoja, tena cha kweli. Ukisema unashukuru kwa kila kitu, Bibi alikurudisha nyuma, akakuambia kwamba kila kitu ni jina lingine la uvivu, hebu fikiri. Hata mgeni akija hakuachwa. Aliwahi kuja mkusanya takataka kuomba maji ya kunywa, akajikuta amekalishwa, amefumba macho, anamshukuru Mungu kwa glovu zake mpya.

Bibi aliugua muda mrefu, moyo wake ulikuwa umechakaa. Karibu na mwisho alimshika mkwewe mkono, akamwambia meza yangu usiiache, hawa watoto wakue wanajua kwamba vitu havijitokezei tu. Mama Maswali akakubali. Nani atamkatalia mtu aliye pale? Alikubali bila kupiga hesabu ya nguvu zake, na Bibi akaenda zake, na meza ikabaki juu ya mgongo wake pamoja na mengine yote.

Basi akajikaza kisabuni. Kila jioni alitoka kwenye mashuka, akapita sokoni, akapika, akawaita watu mezani, wakafumba macho. Mumewe, ambaye alikuwa fundi bomba na mtaa mzima walimwita Fundi, alirudi na harufu ya mitaro ya watu na njaa isiyo na adabu. Yeye alisema asante kwa afya, haraka haraka, mkono umeshatambaa kuelekea kijiko. Na Mama Maswali mwenyewe? Yeye kila siku alilokuwa akisema ni hili: asante Mungu kwa siku ya leo. Jana alisema hivyo, juzi hivyo, na kesho angesema hivyo. Bibi angekuwepo angemrudisha nyuma mara moja. Lakini Bibi hakuwepo, na ndilo lililokuwa tatizo. Wakati wa ule ugonjwa, Mama Maswali aliomba kweli kweli, aliomba akikunja mashuka, aliomba akimenya viazi, na Bibi akafa. Tangu hapo alizungumza na Mungu kama mtu anayepiga simu ambayo inaita tu. Unapiga kwa kuwa uliahidi utapiga.

Kilichomtia nguvu kidogo ni binti yake. Maswali alikuwa ameingia darasa la kwanza, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Mdomo wake haukujua likizo. Ilipofika zamu yake mezani alishukuru kwa mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyaota. Alishukuru kwa ndoo yenye mshikio wa buluu. Alishukuru kwa viatu vya mwalimu, kwa kuwa vikitembea vinalia na unajua anakuja. Alishukuru kwa kifutio cha jirani yake darasani, ambacho kinanukia ndizi. Mdogo wake, anayeitwa Kiazi kwa ajili ya kichwa chake, alikuwa hajaweza maneno vizuri, naye alirudia neno la mwisho la kila mtu kisha akacheka. Mama Maswali alikuwa anafumbua jicho moja kuwaangalia, na kwa dakika hiyo moja uchovu ulikaa pembeni.

Halafu akagundua jambo, na laiti asingeligundua. Maswali alikuwa hamtaji yeye.

Zamani alimtaja. Enzi za Bibi, mtoto alikuwa hapitishi wiki bila kusema asante Mungu kwa mama, tena kwa kelele. Sasa ndoo inatajwa, mlango mpya wa choo cha shule unatajwa, mama, hakuna. Mara ya kwanza alijiambia ni bahati tu. Akaanza kusikiliza. Jioni baada ya jioni akakaa na macho yake kayafumba, moyo unadunda kama wa msichana anayesubiri matokeo ya mtihani, na kila jioni likatajwa jambo jingine. Ilimuuma, jamani. Mtu mzima na miguu yake imevimba, anaionea wivu ndoo. Aliona aibu hata kujisikia hivyo, lakini aibu haikuuondoa uchungu.

Akamsimulia Sauti, wakiwa wanavuta shuka. Sauti alicheka mpaka pembe zikamponyoka. Alipomaliza kucheka akampa ushauri, kwamba mtoto ni tumbo, mpikie anachokipenda uone kama hatakutangaza kama mgombea wa kura. Basi siku ile Mama Maswali akapita kununua mayai, akakaanga na viazi, amesimama jikoni kwa mguu mmoja ili kuupumzisha mwingine. Maswali alikula kwa macho kabla ya kula kwa mdomo. Zamu yake ilipofika akawashukuru kuku. Siku ya mapumziko mama akamsuka nywele, mistari myembamba inayokula muda, mgongo wake ukilia. Jioni mtoto akashukuru kwa kitana.

Kitana! Mama Maswali alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Alipomwambia mumewe, Fundi alimjibu kwamba huyo ni mtoto, mama watoto, usimpime kama mkaguzi. Alikuwa na nia njema, ila alisema huku anasinzia, na mtu anayesinzia hawezi kumfariji mtu. Mama Maswali alilala akiutazama ukuta, akiwaza kwamba kaibeba desturi ya mtu mwingine mgongoni, mtoto anajifunza shukrani nzuri sana, na shukrani yenyewe inamzunguka yeye kama maji yanavyozunguka jiwe. Akawaza kuiacha. Nani angejua? Watu wangekuja mezani, wangekula, wangelala. Aliyeomba meza isiachwe hawezi kuja kukagua.

Ndipo ikafika siku ile. Kiwandani mashine ya pasi ilikuwa na wazimu tangu asubuhi, inameza mashuka na kuyatafuna. Msimamizi aliwaambia wayavute kwa mkono, na katika kuvuta, mkono wa Mama Maswali ukagusa pipa la moto. Ngozi ya chini ya kiwiko ikavimba na kutoa malengelenge. Sauti akampeleka bombani, akammwagia maji, akamtukana msimamizi kwa niaba ya wote. Kisha wakarudi kukunja, maana hoteli haijui habari za kiwiko chako.

Alipofika nyumbani, Maswali aliuona ule mkono kabla hata mama hajaweka mfuko chini. Hakuuliza swali, na hilo lenyewe lilikuwa la ajabu. Aliupuliza. Akaenda akachota maji ya baridi kwenye kikombe, akalowesha kitambaa safi, akakiweka juu ya jeraha taratibu, akakishikilia pale huku ametoa ulimi nje kwa bidii. Mama alipokuwa akipika, mtoto alikaa kwenye kigoda miguuni pake, asitake kuondoka. Mama Maswali alimtazama kutoka juu, ile mistari ya nywele aliyoisuka mwenyewe, na moyo ukamwambia leo. Leo lazima.

Wakakaa. Wakafumba macho. Fundi akashukuru kwa afya. Mama Maswali akashukuru kwa siku ya leo, siku iliyotoka kumbabua mkono, na hakusikia hata alichokuwa anasema, alikuwa anasubiri zamu inayofuata. Ikafika zamu ya Maswali. Midomo ilicheza. Kisha akasema, "Asante Mungu kwa maji ya baridi."

Mama Maswali akaweka kijiko chini.

Uchovu wa miezi yote ulimpanda kwa pamoja. Alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, ndogo, kavu, kwamba leo chakula hakiguswi mezani hapa mpaka Maswali amshukuru Mungu kwa mama yake. Neno lilipotoka tu aliona aibu. Nani huomba kushukuriwa kwa kuwanyima watoto chakula? Lakini lilikuwa limeshatoka, na watu wa namna yake wakisema neno mbele ya watoto hawalimezi. Fundi aliitazama sahani yake kwa huzuni ya kweli. Maswali aliinamisha kichwa. Akabana midomo. Machozi yakaanza kudondoka juu ya meza, na bado midomo imebanwa.

Kiazi ndiye aliyeshindwa. Njaa ni njaa. Akafumba macho yake kwa viganja viwili, kama alivyowaona wakubwa, akaanza kwa sauti ya juu, "Atante Mungu kwa mama..."

Hakumaliza. Maswali aliruka kutoka kwenye kiti chake, akamziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sahani ikapinduka, mchuzi ukatiririka, Kiazi akaangua kilio chini ya viganja vya dada yake. Mama Maswali akainua mkono, ule ule ulioungua, na Mungu anajua aliuinulia nini, maana hakuwahi kumpiga mtoto mezani. Ukabaki hewani.

"Asimtaje," Maswali alilia. "Baba, mwambie asimtaje."

Fundi akaamka sasa, akaamka kabisa. Akamtoa mdogo, akamweka pajani, akamuuliza binti yake kwa upole kwa nini mama asitajwe. Na Maswali, ambaye siku zote ndiye anayeuliza, ikabidi siku hiyo ajibu. Maneno yalitoka yamechanganyika na kamasi, ikabidi wayapange wenyewe.

Alisema Bibi alitajwa. Bibi alipoanza kuugua, kila mtu mezani alimtaja yeye tu: mama alishukuru kwa Bibi, baba kwa Bibi, na yeye Maswali kwa Bibi, kila siku, kila siku. Mungu akasikia. Akajua kwamba kwenye nyumba hii kuna bibi mzuri sana. Siku ya kumzika wale watu wote walisimama mmoja mmoja, na kila aliyesimama alimshukuru Mungu kwa Bibi, kisha wakamfukia. Na mama mwenyewe alimfuta machozi akamwambia usilie, Mungu amempenda zaidi.

Ni kweli alisema. Sote husema hivyo msibani, nani hasemi? Unalisema huku unatafuta leso, unaona umefariji. Kumbe mtoto alilichukua lile neno jinsi lilivyo, akalipeleka nyumbani, akaishi nalo. Kwake ilikuwa wazi. Kuna majirani wa namna hiyo, ukikisifia kitu chako mbele yao mara mbili tatu, wanakuja kukiomba.

"Kwa hiyo mimi natajaga vitu," Maswali alisema. "Ndoo akiichukua, tutanunua nyingine."

Mama Maswali alizipitia kichwani zile jioni zote, ndoo, kifutio, kuku, kitana, maji ya baridi. Alikuwa amesikiliza kwa masikio yote mawili, na alichokisikia ni jina lake kukosekana tu. Hakuona kwamba hata baba hakutajwa. Kiazi hakutajwa. Viatu vya mwalimu vilitajwa, mwalimu hakutajwa. Mtoto wa darasa la kwanza alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba nzima, peke yake, jioni baada ya jioni, akimwonyesha Mungu ndoo ili asiangalie ndani.

Alimvuta, akampakata, mkono unauma, hakujali. Maswali akajificha shingoni mwake, na kwa kuwa sasa alikuwa ameanza kusema, akamalizia na lililobaki.

"Na wewe pia hututaji, mama. Wewe unasema siku ya leo tu. Nilijua unatuficha."

Ungemchoma mkono wa pili asingesikia maumivu kama hayo. Alikuwa amepewa sifa asiyostahili hata chembe, na aliyempa alikuwa anamaanisha. Angeweza kuikubali. Angeweza kusema ndiyo mwanangu, nilikuwa nawaficha, na mtoto angelala amefarijika, na hakuna mtu duniani angejua. Fundi alimtazama, akasubiri. Mama Maswali alifikiria, na akaona hana nguvu za kubeba uongo juu ya mzigo mwingine wote.

"Sikuwa nawaficha," alisema. "Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nasema tu ili tule."

Maswali akainua kichwa kumtazama. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba zamu ya ulinzi alikuwa peke yake. Akauliza, sasa Mungu akisikia je?

Mama yake alimwambia analolijua. Kwamba moyo wa Bibi ulikuwa mgonjwa kabla hata hawajaanza kumtaja, na wangenyamaza angekufa vilevile. Tofauti ni moja tu, Bibi alikuwa amekaa pale, kiti kile, macho kayafumba lakini masikio hakuyaziba. Kila jioni alisikia nyumba nzima ikisema asante kwa ajili yake. Wangemficha, angeondoka bila kusikia. Akasema pia kwamba lile la kupendwa zaidi alilisema vibaya, alilisema kwa sababu alikuwa analia. Mungu hawezi kumpenda Bibi halafu akaanza kuwapokonya wajukuu wake mama.

Alipokuwa akisema haya alijisikia ajabu, maana alikuwa akimtetea yule ambaye kwa miezi alidhani hapokei simu.

"Huogopi?" Maswali aliuliza.

"Naogopa."

Ndivyo ilivyokuwa. Alipofumba macho, akiwa na mtoto mzima pajani na mchuzi ukidondoka kutoka kwenye meza, aliogopa kweli. Siku ya leo haijawahi kumtisha, unaitaja na haikuumizi. Majina ya watu ni kitu kingine. Alimshukuru Mungu kwa mume wake, anayerudi ananuka mitaro ya watu na harudi mahali pengine. Fundi aliinamisha kichwa. Alishukuru kwa Kiazi, na njaa yake. Kisha akafika kwa binti yake, sauti ikapungua, akamtaja kwa lile jina halisi alilopewa na Bibi, ambalo halitumiki ila shuleni na kwenye dua, na akahisi mwili wa mtoto ukikakamaa mikononi mwake, ukisubiri.

Hakuna kilichotokea. Kiazi aliomba kiazi.

Maswali alikaa kidogo, akiusikiliza moyo wa mama yake kwa sikio, kuhakikisha. Kisha akaziba macho kwa viganja. Alisema taratibu sana, lakini kwa ile heshima ngumu ya mtu anayemjibu jirani aliyekuja mlangoni kuazima.

"Asante Mungu kwa mama. Bado tunamtumia."

Fundi akasema amina. Mama Maswali alibaki amemkumbatia mwanawe, machozi yanaingia kwenye zile nywele, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliamini kwamba kuna aliyekuwa akisikiliza, akaomba awe amesikia mpaka neno la mwisho.